Wenye nyumba, jikoni si pa kumalizia rangi ya sebuleni

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua niseme na wenye nyumba wa hapa Mombasa na mawakala wao. Mimi ni fundi wa rangi, naishi Kisauni, kazi yanipeleka Bombolulu, Majengo, Mji wa Kale, na mara nyingine navuka feri hadi Likoni. Neno langu ni moja tu, jikoni kuna rangi yake, na kumpakia mpangaji rangi isiyooshwa halafu siku akitoka ukamkata dipoziti ati ukuta umechafuka, hiyo si haki.

Mambo huenda hivi. Nyumba imebaki wazi, wakala anapiga simu, fundi njoo upesi kuna mtu anaingia tarehe moja. Nikifika nakuta ndoo moja ya lita 20, mati ya krimu, rangi ya maji isiyong'aa, ile ya bei ya chini kabisa kwa hadiweya, na hiyo ndiyo ya nyumba nzima, sebule, vyumba, korido, jikoni, ikibaki naambiwa malizia chooni. Nikiuliza na jikoni je, najibiwa wewe paka bwana, kwani jikoni si ukuta? Basi napaka, manake nami nina watoto wa kulisha. Mama anaingia, anapika kama watu wa hapa wanavyopika, leo viazi karai, kesho samaki wa kukaanga, Ijumaa biriani na vile vitunguu vyake vya kukaanga mpaka vikauke, asubuhi mahamri, na haipiti miezi mingi ukuta wa nyuma ya meko umeshageuka. Anachukua kitambaa na sabuni afute, doa halitoki, rangi ndiyo yatoka, ukuta unabaki mabaka mabaka. Siku ya kuhama wakala anazunguka na kalamu yake, akifika jikoni anatikisa kichwa, pesa ya rangi imekatwa hapo. Halafu naitwa mimi tena, na ndoo ile ile ya mati. Kwa mfuko wangu ningenyamaza tu.

Rangi ya jikoni ni silki, ile rangi ya maji inayong'aa kidogo, na wengi wadhani tofauti yake na mati ni kung'aa basi. Ndani ya mkebe wa rangi ya maji kuna maji yenyewe, kuna gundi, kuna unga unaoleta rangi, na kuna unga wa kujazia ambao ni chaki na vitu kama hivyo. Cha bei hapo ni gundi na ule unga wa rangi. Mati ya bei rahisi unga wa kujazia ni mwingi gundi kidogo, kwa hivyo ikishakauka inaacha vitundu vidogo sana, macho hayavioni lakini mafuta na bizari ya manjano yanaviona vizuri, yanaingia na hayatoki. Silki gundi yake ni nyingi, imefunga, mafuta yakiruka yanakaa juu juu na maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo yatosha kuyaondoa. Ukitaka kujua umepakiwa nini, pitisha kiganja ukutani, ukiona kimetoka na unga mweupe basi jua hapo hakuna wa kuosha kitu, utaosha mpaka ufike kwa plasta.

Na hapo bado sijagusa habari ya maji ambayo wenzangu mafundi watanichukia nikiisema, lakini ndoo ya lita 20 kuna watu wanaigeuza ikawa thelathini. Mkebe umeandikwa kiasi cha kuzimulia, sana sana koti ya kwanza, yaani mpako wa kwanza, mtu hasomi, anatia jagi baada ya jagi mpaka rola inadondosha maji. Mbaya zaidi maji yenyewe ni ya kisima, na visima vingi vya hapa kwetu wajua wenyewe maji yake yana chumvi. Chumvi haikauki ikaenda zake, inabaki mle mle ndani ya rangi na ndani ya plasta, na tabia ya chumvi ni kuvuta unyevu wa hewani, kwa hivyo ikija kusi na hewa nzito ukuta unatoka jasho ijapokuwa hakuna bomba linalovuja. Ukimuona fundi anachota kisimani azimulie rangi yako mpe maji ya mfereji, na kama mfereji hauna kitu, na mara nyingi hauna, nunua mtungi mmoja wa maji matamu. Ni mtungi mmoja tu.

Wazee wetu hili la kuosha walilijua kwa njia yao. Tizama shule za zamani na zahanati, ukuta chini mpaka kifuani umepakwa glosi ya mafuta, ile inayong'aa sana, juu ndiyo rangi ya kawaida, manake mikono ya watoto inafika wapi, hapo kifuani. Jikoni pia wengi wanataka hivyo hivyo, glosi mpaka juu. Sikatai, glosi inaoshwa kuliko kitu chochote na nyuma ya meko inavumilia sana. Lakini ina mambo yake. Glosi ya mafuta nyeupe huwa inageuka njano kadiri miaka inavyokwenda, hasa pembe zisizopata mwanga, nyuma ya friji, ndani ya makabati, hata kama hujakaanga kitu. Inachukua siku nzima kukauka, harufu ya tapentaini inapanda kichwani, nyumba yenye mtoto mchanga ama mtu wa pumu usiipake wakiwa ndani. Na ukuta ukiwa na unyevu ndani yake glosi inauziba, unyevu utafute njia, unasukuma, inafanya malengelenge halafu inabambuka vipande. Kwa nyumba ya kawaida ya kupanga mimi napendekeza silki kuta zote na siling, glosi iende kwa mlango na fremu, na kama mwenye nyumba ana uwezo aweke taili mistari mitatu minne nyuma ya meko na sinki amalize kelele.

Kuna hili la rangi za zamani. Nyumba iliyopakwa glosi miaka mingi iliyopita, hasa zile za njano kali, nyekundu na kijani, yawezekana ina madini ya risasi ndani yake. Siku hizi kiwango cha Kenya ni sehemu 90 tu kwa kila milioni, lakini kilichoko ukutani tangu zamani hakijui sheria ya leo. Sisi wa Mombasa tusingehitaji kuambiwa na mtu risasi inafanya nini kwa mtoto, mtaa wa Owino Uhuru uko hapo hapo Mikindani, watu waliumia kwa moshi na maji machafu ya kiwanda cha kuyeyusha betri, kesi ikazunguka mpaka Mahakama ya Juu ambayo Desemba 2024 ilirudisha ile fidia ya wakazi ya shilingi bilioni 1.3. Kule ilikuwa betri, sisemi rangi ni sawa na kiwanda. Nasema tu kwamba risasi ni ile ile, na vumbi lake likiingia mdomoni mwa mtoto halina kiwango cha salama. Kwa hivyo glosi ya zamani usiikwangue kavu na msasa nyumba ikiwa na watu, lowesha maji, kwangua mbichi, kusanya takataka zote utupe, pangusa sakafu na kitambaa kibichi, usifagie. Na watoto wapelekwe kwa bibi yao siku hiyo.

Nyumba za Mji wa Kale ni habari nyengine kabisa na hapa nitachukua muda, manake naona watu wanaziua kwa kutaka kuzipendezesha. Ukuta wa kule ni mawe ya matumbawe na chokaa, mnene, na haukujengwa na kizuizi cha unyevu chini kama nyumba za sasa. Maji ya ardhini yanapanda pole pole, yanafika juu kidogo, yanatokea usoni pa ukuta na kukauka hewani. Ukuta unapumua hivyo miaka yote. Chokaa iko sawa na jambo hilo, inaruhusu unyevu utoke, na tena chokaa yenyewe ni kali, ukungu haupendi kuota juu yake. Sasa anakuja mtu na pesa zake, anataka jikoni iwe ya kisasa, anabandua chokaa anapiga plasta ya simiti, juu yake silki ama glosi. Mwaka wa kwanza inapendeza kweli kweli, jirani wanakuja kutizama. Baadaye unyevu ulioziba unatafuta pa kutokea, chumvi inaganda nyuma ya rangi, inasukuma, ukuta unavimba, unga mweupe unamwagika juu ya sufuria za watu, na mwenye nyumba anamlaumu fundi ati alitumia rangi mbaya. Rangi ilikuwa nzuri, ukuta ndio haukuwa wake. Nyumba ya namna hiyo jikoni mpigie chokaa, koti nyembamba nyembamba tatu nne, mwaka ukigeuka piga tena, ni bei nafuu, na pale penye kuruka mafuta weka ubao ama bati ama kipande cha taili kilichoachwa nafasi nyuma yake. Najua si kila mtu atapenda kupaka kila mwaka, lakini hao mabibi zetu walipaka kila mwaka na nyumba zimefika hapa zilipo.

Sasa rangi yenyewe, manake najua wengi mlidhani barua ni ya kuchagua rangi. Nje ya nyumba tulishachaguliwa, mwaka 2018 enzi za gavana Joho kaunti ilitoa amri majengo ya katikati ya mji yawe meupe na ile buluu yao ya Misri, sawa. Ndani ni kwako. Lakini naomba jambo moja, aulizwe anayepika. Nimefanya kazi nyumba ambayo baba yuko Qatar anachagua rangi kwa WhatsApp, ametuma picha ya jikoni ya kijivu cha mkaa yenye dirisha kubwa kutoka sakafuni mpaka darini, na jikoni ya mkewe hapa ina kidirisha kimoja kinachotizama ukuta wa jirani, ukitoa mkono nje umeugusa ule ukuta. Shemeji akawa yuwasema fundi nipakie hata krimu tu nione ninachokatakata, mume huku simu yaita, kijivu, kijivu. Nikapaka kijivu, ndiye mwenye pesa. Mchana mama yule anawasha taa kukatia vitunguu. Bili ya stima analipa nani?

Jikoni ya kidirisha kimoja yataka rangi ya kurudisha mwanga, nyeupe isiyo kali, krimu nyepesi, kijani kama cha embe bichi iliyochanganywa na nyeupe nyingi, buluu ya maji. Rangi nzito kwenye silki pia inaonyesha kila mpanguso, ukifuta mahali pamoja pamebaki alama. Nyeupe ile ya kumeta sipendi sana jikoni, kwa jua la hapa saa saba mchana inaumiza macho, lakini kuna wateja hawataki kusikia jengine. Halafu usichague kwenye simu, simu kila moja ina mwanga wake, na usichague ndani ya duka chini ya taa ndefu zile. Nunua mkebe mdogo kabisa, paka kipande cha nusu mita karibu na meko na kingine pembeni kwenye giza, ngoja kikauke, manake rangi ya maji mbichi na kavu si moja, kavu mara nyingi inaiva zaidi. Itizame asubuhi, itizame usiku na balbu yako. Balbu nyeupe kali ile iliyoandikwa 6500K, kipimo cha rangi ya mwanga, inaifanya krimu iwe kama mgonjwa, ile ya njano inaipa uhai lakini buluu inaigeuza kijani. Mtu akishaona mwenyewe hana ugomvi na fundi.

Na hii habari ya silki ni ghali, ebu tupige hesabu pamoja. Jikoni ya mita 3 kwa 2.5, ukuta kwenda juu mita 2.7. Kuzunguka ni mita 11, mara 2.7 ni kama mita 30 za mraba. Toa mlango, dirisha, makabati na taili, unabaki na kama 20. Koti mbili ni 40. Lita moja kwenye ukuta laini inafika mita 10 hivi, basi unahitaji lita 4, mkebe mmoja. Siling ongeza lita moja na nusu. Hiyo ndiyo pesa yote tunayogombania, tofauti ya bei ya mkebe mmoja wa silki na mkebe mmoja wa mati, katika nyumba ambayo kodi yake ya mwezi mmoja inaununua huo mkebe na chenji inarudi. Endelea na ndoo yako ya mati vyumbani, sina neno, ukuta wenye mabonde mati inauficha vizuri kuliko silki, lakini jikoni nunua mkebe wake.

Halafu silki juu ya mafuta haishiki, hilo nalisema kwa herufi kubwa kama ningeweza. Ukuta wa jikoni lazima uoshwe kwanza na maji moto na sabuni ya unga, usuuzwe, ukauke. Palipo na ukungu mweusi, pembeni mwa dirisha na juu ya sinki, ukipaka juu yake unaufunika tu, unatokeza tena na rangi mpya unaivaa. Pakaa dawa ya klorini, Jik ama nyengine, sehemu moja na maji sehemu tatu, acha robo saa, sugua, suuza, dirisha likiwa wazi, na usije ukachanganya na siki wala ndimu ati ipate nguvu, inatoa hewa ya sumu. Palipo na masizi ya makaa ama ya stovu ya mafuta ya taa hata uoshe vipi rangi ya maji itapitisha doa, hapo piga andakoti ya mafuta, ile rangi ya chini, kwanza. Plasta mpya iachwe wiki nne ikauke. Hizi siku za kuharakishana tarehe moja ndizo zinaharibu kazi, si ufundi.

Msimu pia. Mkebe unasema saa mbili mpaka nne baina ya koti na koti, hesabu hiyo ni ya hewa kavu kuliko ya kwetu. Mwezi wa tano mvua ikinyesha mimi sirudii koti siku hiyo hiyo, nangoja kesho. Kazi nyingi zetu zaja Shaaban, kila mtu ataka nyumba ing'ae kabla ya Ramadhani, na miaka hii ya sasa Shaaban imeangukia kaskazi, hewa kavu, mambo shwari. Lakini mwezi unarudi nyuma siku kumi kumi na moja kila mwaka, na wanaokumbuka Shaaban zilizoangukia msimu wa mvua wajua rangi ilivyokuwa ikikataa kukauka na wali wa daku unapikwa karibu. Na rangi mpya ya jikoni usiisugue wiki mbili za kwanza, ikiruka mafuta pangusa taratibu tu na kitambaa chenye maji.

Mpangaji nawe usiogope kuuliza kabla hujalipa. Pitisha kiganja jikoni, ukitoka na unga sema hapo hapo, na iandikwe kwenye karatasi ya makubaliano kwamba jikoni imepakwa mati, ili siku ya kutoka isiwe kesi. Piga na picha.

Na nyinyi mawakala, nina swali na naomba mmoja wenu alijibu humu humu kwenye ukurasa huu. Ile pesa mnayomkata mama wa watu kwa ukuta wa jikoni, mbona kila nikiitwa nakuta ni ndoo ile ile ya mati? Ile inayobaki huenda wapi?

Fundi wa rangi,
Kisauni, Mombasa